Kabla hujamnunulia mtoto skafu: ya kuuliza kabla hajajiunga na skauti

Kamba ya Katani (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Shule zikifunguliwa Januari simu yangu haipumziki. "Mwalimu, mtoto kaleta karatasi ya skauti, analia anataka sare, nimruhusu?" Nikimuuliza mzazi anataka kujua nini hasa, la kwanza ni bei ya sare, la pili ni kama masomo hayatashuka. Swali la nani atalala na watoto kambini sijalisikia likitangulia hata siku moja. Ndiyo maana nimeamua kuandika, ili niwe nawatumia watu kiungo badala ya kurudia maneno yaleyale.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanzania. Nimelea kundi la skauti miaka mingi na wanangu wamepita humohumo. Kwa hiyo asije mtu akanichukulia kama mpinga skauti. Naipenda, na ninayemwona anaiharibu simchekei.

Kwanza tuelewane skauti ni kitu gani, maana wengi tunakijua kwa gwaride tu. Mwanzilishi, Robert Baden-Powell, kweli alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza. Lakini kambi yake ya majaribio ya Agosti 1907, kwenye kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, haikuwa kambi ya jeshi. Alichukua wavulana 20, wengine watoto wa matajiri na wengine wa wafanyakazi wa kawaida, akawachanganya, akawagawa kwenye vikundi vinne vyenye majina ya wanyama na ndege, na kila kikundi kikaongozwa na mvulana mwenzao. Hapo ndipo penye siri yote. Mtoto wa miaka 12 anapewa wenzake sita au saba, anaambiwa: leo wewe ndiye unayehakikisha wamekula, kuni zipo, na hakuna aliyepotea. Mtu mzima anakaa pembeni, anatazama, anaingilia pakiharibika.

Ukilishika hilo, una kipimo cha kundi lolote. Nenda siku ya mazoezi, bila kutoa taarifa kama inawezekana, ukae chini ya mwembe uangalie saa moja. Ukiona watoto wanabishana namna ya kusimamisha hema, mmoja anamwelekeza mwenzake fundo bapa, kule wengine wanajifunza kumfunga bendeji aliyevunjika mkono, hiyo ni skauti. Ukiona saa nzima ni "mguu pande, mguu sawa" na mtu mzima mwenye fimbo anapayuka, hapo kuna gwaride limevaa skafu. Gwaride lina nafasi yake, mimi mwenyewe nalifundisha, ila likiwa ndilo chakula cha kila siku mtoto hatoki na kitu zaidi ya kupiga saluti.

Na adhabu. Kuruka kichurachura, kupiga magoti kwenye kokoto, kumwagiwa maji usiku kwa jina la "kukomaza", hayo hayamo kwenye skauti popote duniani. Vilevile hakuna kiapo cha siri. Ahadi ya skauti ni maneno machache ambayo unaweza kuyasoma wewe mzazi kabla ya mtoto kuyatamka, na siku ya kuvishwa skafu mzazi anakaribishwa. Hata kama wanafanya jioni kwenye moto wa kambi, bado una haki ya kuwepo. Mtu akikuambia "mambo ya ndani hayo, mzazi haruhusiwi", mchukue mwanao nyumbani.

Sasa lile swali ambalo halitangulii. Watu wazima wanaoongoza kundi ni akina nani?

Mzazi ameshazoea kwamba mwalimu ni mwalimu, basi. Lakini kundi la skauti mara nyingi lina wasaidizi kutoka nje ya shule: kijana aliyemaliza kidato cha nne, rova, yaani skauti wa daraja la vijana wakubwa, mwenye miaka ishirini na kitu, jamaa wa mtaani anayependa watoto. Wengi ni watu wazuri sana, wanajitolea bila hata nauli. Ila uzuri wa mtu hautoshi kuwa utaratibu. Uliza majina yao. Uliza nani anawafahamu, wamesajiliwa na chama au wamejitokeza tu, wamepata mafunzo gani. Ukimwona kiongozi ana kamba ya ngozi shingoni yenye shanga mbili za mbao, ujue amemaliza mafunzo yanayoitwa Wood Badge, ambayo yalianza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919. Ni ishara nzuri, inaonyesha ametumia muda wake kujifunza. Haithibitishi tabia yake, na usiiache ikufumbe macho.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mtu mzima hakai faragha na mtoto mmoja, kwa sababu yoyote. Kama kuna mazungumzo ya pembeni, yafanyike mahali wengine wanaona. Safari na kambi ni watu wazima wawili au zaidi, na kama kuna wasichana lazima awepo mwanamke. Hakuna mtu mzima anayelala hema moja na mtoto asiye wake. Bafu na vyoo vya watoto na vya wakubwa havichangamani, au kunakuwa na zamu inayojulikana. Kiongozi hamtumii mtoto ujumbe wa simu peke yake usiku; ujumbe unapita kwenye kundi la wazazi. Wenzetu Uingereza kila mtu mzima kwenye skauti anatembea na kikadi cha njano chenye masharti ya namna hii, si siri ya kitaalamu wala nini.

Muulize kiongozi haya mambo uso kwa uso na umwangalie anavyojibu. Kiongozi anayejua kazi yake hakasiriki. Mimi mzazi akiniuliza nafurahi, maana masharti hayo yananilinda na mimi pia. Atakayekujibu "kwani huniamini?" ameshakujibu.

Kwa nini nalipigia kelele? Angalieni Marekani. Chama chao cha skauti wa kiume kiliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi Februari 2020 kwa sababu ya madai ya watu waliodhulumiwa kingono wakiwa watoto, na madai yaliyofikishwa yalizidi 82,000. Fidia iliyokubaliwa ni dola bilioni 2.46. Na kinachouma zaidi: chama kilikuwa na mafaili ya watu waliofukuzwa kwa tuhuma hizo kwa miaka mingi, kikayafungia kabatini. Mwaka 2012 mahakama ya jimbo la Oregon iliamuru yatolewe, zaidi ya mafaili 1,200 ya miaka ya 1965 hadi 1985. Makao makuu walijua, mzazi wa mtaa wa pili hakujua. Sisi huku kwetu hata hayo mafaili hatuna. Anayefukuzwa shule hii kwa "tabia" anahamia wilaya nyingine na skafu yake.

Tuje kwenye kambi, maana ndiko hofu ya wazazi iliko, na mara nyingi wanahofia nyoka wakati nyoka si tatizo kubwa.

Kabla ya kambi unatakiwa kuletewa karatasi. Iseme wapi hasa, tarehe ya kwenda na kurudi, usafiri gani, namba za viongozi wawili, kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, watoto wangapi kwa watu wazima wangapi. Kama ni lori, kataa. Watoto kusimama nyuma ya lori la mchanga wakiimba ni picha nzuri mpaka dereva akanyage breki.

Upande wako na wewe uandike, usiseme kwa mdomo getini. Mtoto ana pumu? Dawa ya kuvuta iko mfuko gani na anajua kuitumia mwenyewe? Ana seli mundu? Hapo kiongozi lazima aelewe kwamba baridi ya usiku, kukosa maji na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumwangusha mtoto kwa maumivu, kwa hiyo huyo haogi maji baridi alfajiri ili "akomae", na chupa ya maji haimtoki mkononi. Ana mzio wa karanga, anashika mfungo, anatumia dawa za kila siku? Andika. Hata kama ni jambo la siri, mwandikie kiongozi mmoja kwenye bahasha. Na chandarua, tafadhali. Watu wananunua sare mpya kabisa halafu mtoto anaenda Kilombero bila chandarua.

Maji ndiyo ninayoyaogopa kuliko vyote. Mto, bwawa, bahari, ziwa. Uliza kama kambi iko karibu na maji na nani anasimamia kuogelea. Utaratibu wa skauti ni kila mtoto kuwa na mwenzake, wanaingia wawili wanatoka wawili, na kuna mtu mzima ukingoni ambaye kazi yake ni kutazama tu, hapigi picha wala hapiki. Kama jibu ni "hawataruhusiwa kwenda mtoni", uliza nani atawazuia watoto arobaini wenye joto saa nane mchana.

Pia kiongozi mzuri ni yule anayeweza kuahirisha. Jambori ya dunia, ile kambi kubwa ya skauti wa nchi mbalimbali, ya mwaka 2023 kule Saemangeum, Korea Kusini, ilikuwa na washiriki zaidi ya 40,000. Joto likawalaza watu, Waingereza na Wamarekani wakaondoa watoto wao mapema, na baadaye kimbunga Khanun kilipokaribia kambi nzima ikahamishwa. Pesa zote zile, serikali nzima nyuma yake. Kwa hiyo mwalimu wako wa skauti akisema mvua imezidi hatuendi, usimdai nauli kwa kelele. Mshukuru.

Michango nisiiongee sana. Dai risiti, dai orodha ya mahitaji iliyoandikwa, na usikubali sare inunuliwe kwa fundi mmoja tu anayejulikana na kiongozi bila maelezo. Sare kamili haihitajiki wiki ya kwanza. Mtoto ahudhurie muhula mmoja na nguo za shule, aonekane kama anaipenda kweli au kapenda kofia.

Karibuni kwa maswali. Matusi sijibu.

---

Mama Pacha

Mwalimu asante. Mimi langu ni hili la wageni. Wanangu walikuwa skauti, na kila kiongozi wa serikali akija wilayani wanachukuliwa kwenda kumvisha skafu. Safari moja waliondoka asubuhi bila chai, mgeni alitarajiwa saa tatu akafika saa tisa. Wamesimama juani na skafu shingoni, mmoja akaanguka. Nikauliza nikaambiwa "ni heshima kwa shule". Nikawatoa wote wawili. Nilikosea?

Kamba ya Katani

Hukukosea hata kidogo, ingawa ningependa wangebaki na huo mtindo ndio ungetoka.

Kumvisha mgeni rasmi skafu ni desturi yetu, imeshazoeleka kuanzia kwenye mbio za Mwenge mpaka uzinduzi wa choo cha shule. Mtoto anafurahi, anaonekana kwenye taarifa ya habari, bibi kijijini anapiga vigelegele. Shida inaanza skauti wanapogeuzwa wahudumu wa sherehe: wapange viti, wazuie watu, wabebe maji, wasimame. Hiyo si huduma kwa jamii, ni kibarua bila ujira.

Mzazi aweke sharti mapema na kwa maandishi: vipindi vya darasani havikatwi bila taarifa kwangu, wawe wamekula, wawe na maji na kivuli, na asimame mtoto aliyekubali. Wazazi watano wakiandika hivyo barua moja, mwalimu mkuu anapata pa kushika akipigiwa simu kutoka juu. Akiwa peke yake hana ubavu.

---

Mzee wa Kolokoloni

Mnawalegeza watoto. Sisi tulikuwa skauti enzi za Mwalimu Nyerere, tulipigwa na jua, tulipigwa na kiranja, tulilala chini, na leo tuko hapa. Sasa mtoto akimwagiwa maji ni ukatili? Mtakuja kulea mayai.

Kamba ya Katani

Shikamoo mzee. Kulala chini hata sasa wanalala, na wanapika wenyewe ugali unaoungua, na wanatembea mpaka miguu inatoa malengelenge. Ugumu upo mwingi tu kwenye skauti na mimi siuondoi. Tofauti ni kwamba ugumu wa kutembea kilomita kumi una mwisho na mtoto anajisifu nao. Wa kupigwa na kiranja unamfundisha kuwa akiwa kiranja na yeye apige. Na tuko hapa tuliobaki, mzee wangu. Walioacha skauti kwa sababu ya yule kiranja hawaandiki humu.

---

Mtu wa Pwani

Mie nina mambo mawili, mwalimu. Kwanza, mtoto karudi nyumbani kamnyooshea bibi yake mkono wa kushoto. Bibi nusura azirai. Pili, huku mtaani wanasema skauti ni mlango wa freemason, ndiyo maana wana alama za vidole na viapo. Sisi ni Waislamu, tuelezee.

Kamba ya Katani

La bibi limenichekesha, samahani. Skauti wanasalimiana kwa kushoto wao kwa wao, dunia nzima. Masimulizi yao yanasema shujaa anashika ngao kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo akikupa huo mkono ameweka ngao chini, amekuamini. Kwa bibi hiyo hadithi haina kazi. Mwambie mtoto: kushoto ni kwa skauti mwenzako, bibi anaamkiwa kama bibi, kwa kulia na kwa adabu zake. Kiongozi anayefundisha salamu hiyo bila kusema hilo kwa watoto wa pwani hajui anafundisha wapi.

Vidole vitatu vya saluti ni kukumbusha sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia wengine, na kutii sheria ya skauti. Ndiyo yote. Hizo habari za freemason nazisikia tangu nikiwa mdogo; Baden-Powell hakuwa mwanachama wao. Na kuhusu Uislamu, chama kikubwa cha skauti kuliko vyote duniani kiko Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ahadi inasema Mungu, haisemi msikiti wala kanisa.

Ila usiishie kwenye maneno yangu. Uliza kundi lako mambo ya vitendo: Ijumaa wanaachiwa kwenda kuswali? Kambini nani anachinja? Wasichana wanavaa hijabu na sare bila kusumbuliwa? Kambi inapangwa Ramadhani? Majibu ya hayo yanakuambia zaidi ya historia.

Mtu wa Pwani

Nimekuelewa. Bibi bado kanuna lakini.

---

Nyuki wa Nyeri

Salamu kutoka Kenya. Mwalimu umenena. Niongezee kwamba huku kwetu madaraja yana majina ya Kiswahili: wadogo wanaitwa Sungura, wanafuata Chipukizi, halafu Mwamba, na vijana wakubwa ni Jasiri. Mzazi ajue mtoto wake yuko daraja gani, kwa sababu nimeona Sungura wa darasa la pili wakipelekwa matembezi yaliyopangwa kwa ajili ya Mwamba. Mtoto alibebwa mgongoni nusu ya njia.

Na kila Februari, karibu na tarehe 22 aliyozaliwa Baden-Powell, skauti wanamiminika hapa Nyeri kwenye kaburi lake. Alifariki hapa Januari 1941. Kwenye jiwe kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti inayomaanisha nimerudi nyumbani. Ni safari nzuri kwa mtoto. Lakini ni umati mkubwa, basi nyingi, na Nyeri asubuhi kuna baridi ya kukata. Mtoto wa Mombasa asije na shati jepesi. Na awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi na ya kiongozi, maana sare zinafanana na watoto wanapanda basi si lao.

Kamba ya Katani

Hilo la karatasi mfukoni nimelichukua. Daraja nalo ni kweli kabisa, na huku kwetu ni vilevile: kabu ni wadogo, wa michezo na hadithi, rova ni watu wazima tayari. Rova asilale na kabu eti kwa sababu wote ni "skauti".

---

Mdau wa Ughaibuni

Nipo Texas, Marekani, wanangu wote wawili wako skauti, wa kiume na wa kike, kwa sababu tangu 2018 wasichana walianza kupokelewa na mwaka 2025 chama kikabadili jina, sasa ni Scouting America. Girl Scouts ni chama kingine kabisa, wazazi wa Kiafrika wanachanganya.

Baada ya hiyo kesi aliyoitaja mwalimu, utaratibu umekaza. Watu wazima wawili waliosajiliwa, wenye miaka 21 kwenda juu, kwenye kila shughuli. Kuna mafunzo ya lazima ya kulinda watoto, unayafanya mtandaoni na unayarudia. Kwa wale wadogo kabisa mzazi anakuja naye mwenyewe, humwachi na kuondoka. Mwanzoni niliona usumbufu, nafanya kazi za zamu. Sasa naona bora.

Kitu ambacho Waswahili wenzangu hawaambiwi ni kuuza bisi. Mtoto anapewa za kuuza ili kundi lipate pesa, na mzazi ndiye anayesimama naye nje ya duka Jumamosi. Muulize kiongozi mapema kama ni lazima au unaweza kutoa mchango ukapumzika.

Mama Pacha

Kuuza bisi! Huku wangesema mtoto ameajiriwa.

---

Fundi Cherehani wa Buza

Mimi ndiye yule fundi mnayemsema, hahaha. Wazazi leteni kitambaa wenyewe kama mnaona nawapiga. Halafu msishonee kubwa mno "aje akue nayo", mtoto anajikwaa kwenye kaptula kambini.

---

Asiyelala

Mwalimu, na likishatokea? Siulizi kwa nadharia. Jirani yangu mtoto wake alirudi kambini amebadilika, hataki kwenda mazoezini, hataki kusema. Kiongozi anasema "ni uvivu". Mama anaogopa kuchafua jina la mtu.

Kamba ya Katani

Mama asimhoji mtoto kama polisi na asimwahidi kwamba hatamwambia mtu. Akae naye, amwambie hajakosea, amsikilize kwa kadiri atakavyosema. Akisema kitu, aandike maneno yake yaleyale siku hiyohiyo. Kama kuna dalili yoyote ya kuguswa au kuumizwa kingono, hospitali kwanza, haraka, bila kumwogesha na bila kufua nguo, hata kama zimepita siku kadhaa apelekwe tu. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba ya kupiga bure kwa ajili ya watoto ni 116, Tanzania ni hiyo na Kenya ni hiyo. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ana wajibu.

Asianze kwa kiongozi wa kundi. Asikubali kikao cha "kuyamaliza" na wazee wa mtaa na elfu hamsini mezani. Sheria ya Mtoto ya 2009 haisemi jina la mtu mzima linalindwa kuliko mtoto.

Na kama ikibainika ni jambo jingine, labda alichekwa au aliogopa giza, hakuna aliyeumia kwa kuuliza. Kamwambie leo.

Asiyelala

Nimekuelewa. Navuka ukuta sasa hivi.

---

Mzee wa Kolokoloni

Hapo kwenye hilo la mwisho nakuunga mkono mwalimu, sina utani.

---

Binti Kanga

Kuna namna ya kujua kundi limesajiliwa kweli? Mtaani kwetu kuna mtu anakusanya watoto Jumapili uwanjani, ana filimbi na skafu, anasema ni skauti ya mtaa.

Kamba ya Katani

Kuna kamishna wa skauti wa wilaya na wa mkoa. Makundi mengi yako mashuleni, na hata ya mtaani yanatakiwa kujulikana kwa kamishna. Muulize huyo ndugu jina la kamishna wake wa wilaya. Kama hamjui, maongezi yameisha. Kama anamjua, mpigie kamishna wewe mwenyewe, usipokee namba kutoka kwa huyo mwenye filimbi. Ipate kwa mwalimu wa skauti wa shule ya jirani au ofisi ya elimu. Skafu na filimbi vinauzwa sokoni.

Binti Kanga

Sawa. La mwisho, naona aibu kuliuliza. Wangu yuko darasa la tano na bado anakojoa kitandani mara mojamoja. Kambi ni Ijumaa hii. Nimkataze?

Kamba ya Katani

Usimkataze kwa hilo. Kila kambi ninao wawili watatu, na wewe si mama wa kwanza kuniuliza.

Mwambie kiongozi mmoja tu, wa jinsia yake, asitangaze. Mpe huyo kiongozi, si mtoto, mfuko mweusi wenye kanga mbili na bukta ya kubadilisha. Mtoto alale karibu na mlango wa hema. Chai ya jioni apunguze, ila maji ya mchana asinyimwe. Saa nne usiku kiongozi na mwenzake wanaamsha hema zima kwenda kujisaidia, wote, kama zamu ya kawaida, ili asijulikane nani anaamshwa kwa sababu gani. Alfajiri kukiwa na maji, kiongozi anasema umande umeingia hemani, matandiko yote yaanikwe. Nimeanika matandiko makavu mengi sana kwa ajili hiyo.

Kiongozi wako akicheka ukimweleza, hapo mkataze.